Somo: Kunawa Mikono kwa Sabuni, Kinga ya Virusi

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi waalimu na wainjilisti mwendao nyumba kwa nyumba kila juma, somo hili ni juu ya jambo lililo karibu nasi sana, yaani mikono yetu. Hakuna mtu asiyejua kunawa. Mtoto mdogo hufundishwa kunawa kabla ya kuketi kwenye chakula, na mgeni akiingia nyumbani hunawishwa kwa heshima. Walakini yafaa tuulize: Je, twanawa kwa adabu tu, au twanawa kwa kujikinga? Maana mambo haya mawili hayafanani. Maji kidogo yakimwagwa juu ya vidole hutimiza adabu, lakini virusi vingi hubaki palepale. Tukitaka kuviondoa hatuna budi kuwa na vitu vitatu pamoja: maji yatiririkayo, sabuni, na muda wa kusugua. Kimoja kikikosekana, kinga yapungua. Hilo ndilo neno la somo hili zima, na yafuatayo ni maelezo yake.

Somo lina sehemu saba, na mwisho yako maswali. Mwalimu aweza kuligawa katika mikutano miwili, asome na watu sehemu nne kwanza, kisha zile tatu zilizobaki.

1. Virusi ni nini?

Magonjwa mengi yaambukizayo huletwa na vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vingine huitwa bakteria. Vingine, vilivyo vidogo zaidi, huitwa virusi. Mwaka 1892 mtaalamu mmoja Mrusi, Dmitri Ivanovsky, alichuja maji ya majani ya tumbaku yaliyougua. Chujio lake lilikuwa la kaure, lenye matundu madogo mno yasiyopitisha bakteria. Akaona ya kuwa maji yaliyokwisha kuchujwa yangali na nguvu ya kuambukiza majani mazima. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alilifanya jaribio hilo tena, akatambua kwamba humo mna kitu kisicho bakteria, akakiita virusi.

Udogo wake ni wa ajabu. Virusi vya korona, vikipangwa mstari mmoja, vyahitajiwa kama 10,000 kuujaza urefu wa milimita moja tu. Basi mkono waweza kuonekana safi kabisa, nao umebeba virusi maelfu.

Kirusi hakili, hakitembei, wala hakiwezi kuzaa peke yake. Kikiwa nje ya mwili ni kama mbegu iliyoanguka juu ya jiwe. Lakini kikipata njia ya kuingia katika chembe hai ya mwili, yaani seli, huitumikisha chembe ile imzalie virusi wengine wengi, nao hutoka na kuzishika chembe nyingine. Ndiyo sababu mtu akishikwa na virusi vichache leo, baada ya siku kadhaa aweza kuwa mgonjwa sana. Basi ulinzi ulio bora ni kukizuia kirusi kabla hakijaingia.

Kwa ajili ya somo letu yatupasa kukumbuka kwamba virusi ni vya namna mbili. Namna ya kwanza vimevikwa koti jembamba la mafuta. Hao ni virusi vya korona, vya homa ya mafua, vya Ebola na vya Marburg. Namna ya pili havina koti hilo, bali vina gamba gumu la protini tu. Hao ni virusi vya kupooza kwa watoto, viitwavyo polio, na vya homa ya ini ya namna A, na rotavirusi na norovirusi viletavyo kuhara na kutapika. Tofauti hii tutaiona tena tutakaposema habari za sabuni.

2. Mkono ni daraja

Ngozi nzima isiyo na jeraha ni ukuta mwema. Virusi tunavyovisema hapa havipenyi katika kiganja kizima. Hupita kwenye milango, yaani macho, pua, kinywa, na mahali penye kidonda au mchubuko. Kirusi kilicho juu ya kiganja hakijakudhuru bado. Lakini kiganja kikigusa jicho, mlango umefunguliwa.

Mtu atasema, Mimi siugusi uso wangu ovyo. Katika mji wa Sydney, Australia, wataalamu waliwachunguza wanafunzi 26 wa udaktari wakiwa wameketi darasani, wakahesabu kila walipojigusa usoni. Habari zao zilitangazwa mwaka 2015. Kila mwanafunzi, kwa wastani, alijigusa uso mara 23 kwa saa moja, na karibu nusu ya miguso hiyo ilikuwa kinywani, puani au machoni. Hao walikuwa watu wajifunzao habari za magonjwa. Sisi je? Mkono huenda usoni pasipo kuagizwa.

Tena kirusi hakifi mara kikiisha kugusa ngozi. Wataalamu wa Kyoto, Japani, walipima jambo hili mwaka 2020 kwa kutumia ngozi ya binadamu waliokwisha kufa. Virusi vya korona vya mwaka ule vilidumu juu ya ngozi muda wa saa tisa hivi, na virusi vya homa ya mafua muda upatao saa mbili. Fikirini basi safari ya mkono katika muda huo. Mgonjwa apiga chafya kiganjani, ashika kitasa cha mlango. Mwingine ashika kitasa kilekile, kisha asalimia watu kumi nje ya kanisa. Mmoja wao ampa mtoto kipande cha andazi. Hapana aliyetaka kumdhuru mwenziwe, wala hapana aliyejua.

Jambo la kuhuzunisha ni hili, kwamba mara nyingi mkono uletao ugonjwa ni mkono wa yule ajaye kusaidia. Habari moja ya kale yatuonyesha neno hili. Katika mji wa Vienna, Austria, palikuwa na hospitali kubwa yenye wodi mbili za kuzalia. Katika wodi moja wazazi walihudumiwa na madaktari pamoja na wanafunzi wao, na katika ya pili na wakunga. Ajabu ni kwamba wodi ya madaktari ilipoteza mama wengi zaidi sana kwa homa ya uzazi. Daktari Ignaz Semmelweis aliyetumika huko alitafuta sababu. Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikatwa kidogo na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakichunguza maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na wa wale mama. Ndipo Semmelweis alipofahamu: madaktari walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha mama, nao wakunga hawakugusa maiti. Katikati ya Mei mwaka ule akaamuru kila aingiaye anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa mama zaidi ya 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 tu katika 100.

Homa ile ililetwa na bakteria, wala si virusi, lakini njia ni ileile ya mkono. Nao madaktari wengi walimkataa Semmelweis. Ilikuwa vigumu kwao kukubali kwamba mikono yao, mikono ya watu wenye elimu na nia njema, ndiyo iliyokuwa ikiua. Alikufa mwaka 1865 kabla ulimwengu haujalikubali neno lake. Nasi tuendao kwa wagonjwa na wafiwa tusidhani kwamba nia njema huisafisha mikono.

3. Sabuni hufanyaje kazi?

Kila mama wa nyumbani ajua ya kuwa sufuria iliyopikiwa nyama haitakati kwa maji matupu. Maji huteleza juu ya mafuta, na mafuta hukaa palepale. Akitia sabuni, mafuta huachia na kwenda na maji. Habari ya mkono ni hiyohiyo, maana ngozi yetu ina mafuta yake, na virusi hushikamana nayo.

Sabuni imeumbwa kwa chembe ndogo sana, na kila chembe ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda maji, na mkia huyakimbia maji na kupenda mafuta. Ukisugua mikono kwa sabuni, mikia ile hutafuta mafuta popote yalipo. Ikikuta kirusi chenye koti la mafuta, hujiingiza katika koti lile kama kabari katika gogo, hata koti lapasuka. Kirusi kisicho na koti lake hakiwezi tena kuingia katika chembe hai, kimekwisha. Vile vipande vyake huzungukwa na chembe za sabuni, na maji huvichukua. Ndivyo virusi vya korona na vya Marburg, viogopwavyo na ulimwengu mzima, vinavyoharibiwa na kipande cha sabuni ya kufulia.

Wale wa namna ya pili, wenye gamba gumu lisilo na mafuta, hawapasuki hivyo. Lakini sabuni huyaachisha mafuta na taka waliyoshikamana nayo, msuguo huwang'oa, na maji yatiririkayo huwapeleka chini. Kwa hiyo kusugua si nyongeza tu. Kwa virusi viletavyo kuhara, kusugua na kusuuza ndiyo kazi yenyewe.

Watu wengine hudhani kwamba sabuni ya bei kubwa, iandikwayo kuwa yaua vijidudu, yapita sabuni ya kawaida. Jambo hili lilijaribiwa katika mitaa maskini ya mji wa Karachi, Pakistani, na habari zake zilitangazwa mwaka 2005. Nyumba zipatazo 300 zilipewa sabuni ya kawaida, nyumba nyingine zipatazo 300 sabuni yenye dawa, na zote zikafundishwa kunawa. Nyumba nyingine hazikupewa. Mwisho wa mwaka ilionekana kwamba katika nyumba zilizonawa, watoto walio chini ya miaka 5 walipata ugonjwa wa mapafu kwa nusu tu ya wale wengine, na kuhara kwa watoto kulipungua zaidi ya nusu. Sabuni yenye dawa haikuishinda sabuni ya kawaida. Basi mtu asiseme, Sina fedha za sabuni njema. Kipande cha sabuni ya mche chatosha.

Vitakasa mikono vyenye spiriti navyo vyafaa mahali pasipo na maji. Spiriti isipungue sehemu 60 katika 100, na mikono isuguliwe mpaka ikauke. Lakini tujue mipaka yake. Mkono wenye tope, mafuta au damu hautakaswi vema na spiriti, na virusi kama norovirusi huistahimili. Ikiwa maji na sabuni vipo, tutumie hivyo kwanza.

4. Beseni moja la watu wote

Hapa nasema juu ya desturi yetu, nami nasema kwa upole, kwa sababu desturi hii ina heshima ndani yake. Katika nyumba nyingi, na katika karamu za arusi na misiba, beseni moja lenye maji huzungushwa, na kila mmoja hutia mikono yake humo, toka mzee wa kwanza hata kijana wa mwisho. Tufikiri vema. Mtu wa kwanza aacha taka yake katika maji. Wa pili achukua kidogo ya wa kwanza, naye aongeza yake. Akifika mtu wa ishirini, ananawa maji ya watu kumi na kenda. Aliyekuja na mikono safi huondoka na mikono michafu, kisha huitia katika sinia la ubwabwa pamoja na wenziwe.

Dawa yake si kuacha kunawishana. Tunayo desturi nyingine, ya zamani vilevile, iliyo njema kupita hiyo: kijana asimama na birika, amimina maji juu ya mikono ya mgeni, na beseni lililo chini lapokea maji machafu tu. Hapo kila mtu apata maji mapya. Kilichobaki ni kuongeza sabuni. Kijana anayemimina na ashike sabuni, aseme, Karibu sabuni, baba. Karibu sabuni, mama. Kisha angoje mgeni asugue kwanza kabla ya kummiminia tena. Heshima haipungui hata kidogo, yazidi.

Kwa nyumba na kwa kanisa visivyo na bomba, ipo ndoo yenye koki, na tena kipo kibuyu chirizi, ambacho mtoto wa shule aweza kukitengeneza. Twaa dumu la lita 5, toboa tundu dogo karibu na mdomo wake, ulitundike kwa kamba juu ya mti uliolazwa katika panda mbili. Funga kamba nyingine shingoni mwa dumu, na chini uifunge kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu lainama na maji yachirizika. Ukiachilia, lasimama tena. Sabuni itobolewe na kutundikwa kando yake. Faida yake ni mbili: maji hutumika kidogo, tena mkono mchafu haugusi kitu isipokuwa sabuni.

Ikiwa sabuni haipo kabisa, majivu safi ya jikoni yaweza kusaidia kusugua, nayo ni afadhali kuliko kutonawa. Walakini yasiwe desturi mahali ambapo sabuni yaweza kununuliwa.

5. Namna ya kunawa

Mwalimu na alionyeshe jambo hili mbele ya watu kwa mikono yake mwenyewe, kwa kufuata mpango huu:

(a) Lowesha mikono kwa maji yatiririkayo. Maji ya baridi yafaa sawa na ya moto.
(b) Paka sabuni mpaka mikono yote ipate povu.
(c) Sugua kiganja kwa kiganja, kisha migongo ya mikono, kisha katikati ya vidole.
(d) Shika kidole gumba cha kila mkono ukizungushe ndani ya kiganja cha pili. Watu wengi hukisahau.
(e) Sugua ncha za vidole na kucha katika kiganja. Kucha ndefu huficha uchafu, zikatwe.
(f) Suuza kwa maji yatiririkayo mpaka utelezi wa sabuni uishe.
(g) Kausha kwa kitambaa safi, au kwa kuipunga mikono hewani. Mkono wenye maji hupokea na kutoa vijidudu kwa urahisi kuliko mkono mkavu. Kitambaa kimoja kichafu cha watu wote ni sawa na lile beseni la watu wote.

Kusugua peke yake kusipungue sekunde 20. Asiye na saa na aseme Sala ya Bwana moyoni, polepole, toka mwanzo hata Amina, na muda utakuwa umetimia.

Nyakati za kunawa ni hizi: kabla ya kupika, kula na kumlisha mtoto, baada ya kutoka chooni, na baada ya kumsafisha mtoto, baada ya kukohoa, kupiga chafya au kupenga kamasi, baada ya kushika wanyama, kabla na baada ya kumwona mgonjwa. Nasi tunaogawa Meza ya Bwana yatupasa kunawa kwa sabuni kabla ya kuvishika vyombo, na maji yawe tayari sakristia.

6. Homa ya Marburg katika Kagera

Ili tusidhani kwamba haya ni habari za mbali, tukumbuke yaliyotokea katika mkoa wa Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba virusi vya Marburg vimeonekana katika wilaya ya Bukoba Vijijini. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huu kutangazwa nchini. Watu 9 waliugua, na 6 kati yao walikufa, akiwamo mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni mwaka ule ulitangazwa kuwa umekwisha. Ukarudi tena katika mkoa uleule, wilaya ya Biharamulo. Ulitangazwa tarehe 20 Januari 2025, na hata ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa, nao wote walikufa. Kati ya nyakati hizo mbili ndugu zetu wa Rwanda nao walijaribiwa: toka Septemba hata Desemba 2024 waliugua watu 66, wakafa 15, na wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya.

Jina la ugonjwa latoka mji wa Marburg, Ujerumani. Huko, na katika miji ya Frankfurt na Belgrade, mwaka 1967 watu 31 waliugua, na 7 walikufa, baada ya wafanya kazi wa maabara kushika nyani waliotoka Uganda. Virusi vyenyewe hukaa katika popo fulani wala matunda wakaao mapangoni. Vikiisha kuingia kwa mtu, humpata mwingine kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho au mate ya mgonjwa, au kwa kugusa mwili wa aliyekufa, au nguo na matandiko yaliyochafuliwa nayo. Dalili huonekana tangu siku ya 2 hata ya 21.

Ndugu, angalieni jinsi njia hii inavyopita katikati ya mambo tuyapendayo. Kumshika mgonjwa mkono, kumfuta jasho, kumwosha marehemu, kumgusa kwa kumuaga: haya ni matendo ya upendo. Ugonjwa huu huyafuata matendo ya upendo. Kwa hiyo mwalimu wa kanisa yu mahali pa maana sana, maana wafiwa watamsikiliza yeye hata wanapomwogopa mtu wa serikali avaaye mavazi ya kujikinga.

Kirusi cha Marburg kina koti la mafuta, na sabuni hukiharibu. Ndiyo sababu wakati wa ugonjwa ndoo za maji ya kunawa huwekwa milangoni pa makanisa, masoko na shule. Lakini hapa nataka nisikike vema, mtu asije akapotea kwa kunielewa nusu: kunawa mikono si ruhusa ya kumgusa mgonjwa wa Marburg au maiti yake. Mgonjwa na awahishwe hospitali, na wamshike waliofundishwa, wenye glavu na mavazi yao. Maiti na izikwe na waliofundishwa, nasi tusali tukiwa mbali kidogo. Wala mgonjwa asifichwe nyumbani, maana wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humuumbua. Kunawa ni kwa ajili ya sisi sote wengine, ili mguso tusioujua usifike kinywani.

Tena tukumbuke kwamba magonjwa mengine hupita hewani. Surua hupita katika pumzi, na ugonjwa wa korona vilevile hupita sana katika hewa ya chumba kilichojaa watu. Kwa hayo kunawa hupunguza hatari, hakuimalizi. Madirisha yafunguliwe, akohoaye ajifunike kwa kiwiko, na watoto wapelekwe kupata chanjo. Kunawa ni mlinzi mmoja mwema kati ya walinzi kadhaa.

7. Jibu kwa wanaouliza

Wako washarika wanaouliza hivi: Je, Bwana mwenyewe hakuwatetea wanafunzi wake waliokula pasipo kunawa? Habari hiyo i katika Marko mlango wa 7, na yafaa mwalimu aisome yote. Mafarisayo hawakulalamika kwa kuogopa ugonjwa; walilalamika kwa sababu mapokeo ya wazee juu ya utakaso hayakushikwa. Bwana alikataa kwamba maji ya mapokeo yaweza kumfanya mtu awe safi mbele za Mungu, na moyo wake ukabaki mbaya. Hakufundisha kwamba taka haina madhara. Anayelitumia fungu hilo kukataa sabuni hulitumia kwa neno lisilomo.

Wengine husema, Mungu ndiye alindaye. Kunawa ni kukosa imani. Kwa hao naleta mfano wa Martin Luther. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, na chuo kikuu kikahamishwa kwenda Jena. Luther alibaki mjini pamoja na Johannes Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa. Mchungaji Johann Hess wa Breslau alikuwa amemwuliza kama ni halali Mkristo kukimbia tauni, naye alimjibu kwa waraka. Mafundisho yake humo, kwa ufupi, ni kwamba atamwomba Mungu amlinde, kisha atatumia dawa, atasafisha hewa ya nyumba, na hatakwenda pasipo na haja naye, asije akawa sababu ya kufa kwa mwingine. Lakini jirani akimhitaji, atakwenda. Aliwakemea wenye woga waliowaacha wagonjwa, akawakemea vilevile wenye ujasiri wa kipumbavu waliodharau dawa na kujikinga, kana kwamba walimjaribu Mungu. Tauni haikuletwa na virusi, walakini shauri lile lafaa hata leo: sala haiondoi sabuni, wala sabuni haiondoi sala.

Basi kila usharika na ufanye mambo manne kabla ya mwezi kwisha. Kwanza, pawe na ndoo yenye koki au kibuyu chirizi mlangoni pa kanisa na karibu na choo, na sabuni isikosekane. Pili, mzee mmoja awekwe kuangalia maji na sabuni kila Jumapili, maana chombo kisicho na mwangalizi hukauka baada ya majuma mawili. Tatu, katika misiba na arusi beseni la kuzungushwa liachwe, na vijana wanawishe kwa birika na sabuni. Nne, serikali ikitangaza ugonjwa, kusalimiana kwa mikono kuachwe siku ileile, wala mtu asihesabiwe kuwa na kiburi kwa kuinamisha kichwa tu.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini maji matupu hayatoshi kuondoa virusi mkononi? Eleza kwa mfano wa sufuria.
2. Taja virusi viwili vyenye koti la mafuta, na viwili visivyo nalo. Sabuni huwatendaje hawa, na msuguo huwatendaje wale?
3. Kuna ubaya gani katika beseni moja la watu wote? Katika kijiji chenu hunawa namna gani msibani?
4. Mfiwa akisema, Siwezi kumzika mama yangu pasipo kumgusa, mwalimu atamjibuje kwa huruma na kwa kweli?
5. Marko mlango wa 7 wasema nini juu ya kunawa, na haisemi nini?
6. Nani katika usharika wenu atakayeangalia maji na sabuni kuanzia Jumapili ijayo? Andikeni jina lake.